Uzito wa Gari Tupu

Kabla ya kukubali kwamba gari limepona, Mwalimu alikuwa akijaza chai kwenye kikombe cha bati mpaka ukingoni, anakiweka juu ya paja lake, halafu anamwambia mwenye gari aendeshe. Suruali yake ilikuwa ya kijivu na imepigwa pasi. Gia ikibadilika kwa kishindo, chai inamwagika, na anayeungua ni yeye. Watu walimwuliza kwa nini asitumie maji baridi. Alisema maji baridi yangemfanya awe mzembe.

Nilimjua karibu miaka yote ya tisini. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikuuliza, na sidhani angeona ni swali la maana. Nilichojua ni kwamba aliwahi kufundisha hesabu katika shule ya sekondari, akaacha, akafungua karakana ya mabati nyuma ya uwanja wa michezo pale Ruring'u, Nyeri. Hapo alitengeneza kitu kimoja tu, giaboksi za magari ya otomatiki. Ukimletea breki alikuelekeza kwa jirani. Ukimletea rejeta inayovuja alikupa pole. Jina la Mwalimu lilimfuata kutoka darasani na halikumwacha, na wateja wake walijikuta wakisimama wima wanapoongea naye, hata wale wenye vitambi na magari ya serikali.

Mimi nilikuwa naoka keki za harusi. Bado naoka, lakini siku hizi wasichana wangu ndio wanaobeba. Mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa polio nikiwa na miaka minne, na tangu hapo umekuwa wa kunisindikiza tu. Unakuja ninakokwenda, lakini kazi haufanyi. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba kuendesha gari si jambo langu, kwa sababu gari lina klachi na klachi ni ya mguu wa kushoto. Halafu yakaanza kuja yale magari ya Kijapani yaliyotumika, na kaka yangu akaniletea moja jeupe lisilo na klachi kabisa. Nilijifunza kuliendesha katika uwanja wa shule kwa wiki mbili. Siku ya kwanza nilipotoka peke yangu kwenda Karatina na keki ya ghorofa mbili kiti cha nyuma, niliimba njia nzima, na mimi si mwimbaji.

Furaha hiyo ilidumu miezi minne hivi. Gari likaanza kupiga teke. Kila lilipobadilisha gia kwenye mlima lilirusha kila kitu mbele kisha nyuma, na kwetu wapi hakuna mlima? Keki ya kwanza ilipasuka Mukurwe-ini. Ya pili ilifika Embu ghorofa ya juu ikiwa imelalia ya chini, na bibi harusi akalia mbele ya mama mkwe wake. Nikapeleka gari kwa makanika watatu mjini, na wote watatu walisema neno moja. Wa mwisho, kijana mwenye mikono mizuri na adabu kidogo, alilisema hivi: "Mathe, hizi otomatiki si za huku mlimani. Tunatoa giaboksi, tunaweka manyuo, ile ya klachi, shida imeisha."

Nilimwuliza klachi nitakanyaga na nini. Akatazama mguu wangu, akaona haya, akasema si mzee wako atakuwa anakuendesha.

Huo ndio ulikuwa mtindo wa wakati ule. Ukipita gereji za Nyeri ungeona giaboksi za otomatiki zimetupwa nyuma ya ua, nyingine nzima kabisa, kuku wakitagia juu yake. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba gari linaloendeshwa na mtu mwingine ni afadhali kuliko gari lililosimama, na akapanga na yule kijana kwamba mwisho wa mwezi giaboksi itolewe. Kwake lilikuwa jambo la chuma. Mimi niliona ni mguu wangu unaokatwa mara ya pili, na nilimwambia hivyo, na hatukuongea siku mbili.

Kwa Mwalimu nilielekezwa na mwuza viazi. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha darasa, kile chenye ubao wa kuandikia, anasoma kitabu cha Kijapani. Nikamwuliza kama anajua Kijapani. Akasema herufi hajui hata moja, lakini mchoro ni mchoro, na kitabu kile kilikuwa na michoro mia mbili. Alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa, na ovaroli yake ilikuwa safi kuliko kanzu ya kasisi. Nilianza kumweleza kwamba giaboksi yangu imeharibika. Akainua kidole.

"Hiyo umepima ama umeambiwa?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Nilikuja kulisikia mara elfu. Ukimwambia mvua itanyesha leo, umepima ama umeambiwa? Ukimwambia fulani ni mwizi, umepima ama umeambiwa? Mke wake, mama mcheshi aliyeuza uji karibu na lango la uwanja, alisema siku Mwalimu alipomposa alijibiwa kwamba anapendwa, naye akauliza hivyo hivyo, na nusura posa ife pale pale.

Lakini mtu huyo huyo, na hapa ndipo alipokuwa akinichekesha, aliamini kila alichoambiwa na binadamu. Chuma alikishuku, watu hakuwashuku. Mteja akisema atarudi kesho, Mwalimu alimngoja kesho na keshokutwa. Kila mpita njia aliyesema amepoteza nauli ya Nanyuki alipewa nauli ya Nanyuki, na kuna mmoja aliyeipoteza kila Jumatano. Mke wake alimwambia kichwa chake kina vyumba viwili na hakuna mlango kati yake. Yeye alisema vyumba viwili vinamtosha.

Tena, mtaalamu wa gia wa mji mzima alipanda baiskeli nyeusi isiyo na gia hata moja. Aliisukuma kwa mkono kila mlima, na milima ndiyo ilikuwa njia yote. Tulipomcheka alisema baiskeli ni mahali pake pa kupumzika kutoka kwa gia.

Alivyonifundisha shida ya gari langu sijasahau. Palikuwa na ndoo ya plastiki yenye kifuniko kando ya mlango. Akaniambia niinue, akanionya imejaa maji pomoni. Nikakaza mguu wangu mzima, nikashika ukuta kwa mkono mmoja, nikavuta kwa nguvu. Ndoo ilikuwa tupu. Iliruka ikanigonga kidevu na karibu nianguke, na nilikasirika waziwazi.

"Pole, Mama," akasema. "Sasa niambie nani amekosea. Ni mkono ama ni mimi?"

"Ni wewe. Umenidanganya."

"Basi gia yako ni huo mkono. Haina makosa. Iko na mtu anaidanganya."

Akakaa, akanieleza polepole, na nilielewa kila kitu, mimi niliyeacha hesabu kidato cha pili. Giaboksi, alisema, inashika injini kama mkono unavyoshika ndoo. Inatakiwa ijue injini inasokota kwa nguvu kiasi gani, ile wanayoita torki, nguvu ile ile unayotumia kufungua nati iliyoshika kutu. Torki ikiwa kubwa gia ishike kwa nguvu, ikiwa ndogo ishike pole. Lakini ndani ya gari hakuna mizani ya kupima torki. Hakuna kabisa. Kuna kompyuta ndogo chini ya dashibodi, nayo inaangalia ekseleta imekanyagwa kiasi gani na injini inazunguka kwa kasi gani, kisha inapiga hesabu na kuiambia gia jibu. Gia haijawahi kupima chochote. Inaambiwa tu.

"Na hiyo hesabu ilifundishwa wapi?" akaniuliza, macho yakimng'aa. "Ilifundishwa Japani, chini kando ya bahari, mahali hewa ni nzito. Injini inakula hewa. Huku kwetu hewa ni nyepesi. Wewe ukikanyaga mpaka chini, kompyuta inasema torki ni kubwa, na injini maskini haina. Gia inakaza mkono kuinua ndoo tupu. Ndio maana unapigwa teke."

Nikamwuliza mbona miezi minne ya kwanza halikupiga. Akasema makanika wa kwanza niliyempelekea sevisi alisafisha kile kifaa kidogo kinachosoma ekseleta, akakirudisha kimepinda kidogo, na uongo mdogo ukawa mkubwa. Hakumtaja makanika kwa ubaya. Alisema kijana alifanya kazi safi ila hakujua anashika nini.

Basi tulichohitaji ni kujua torki ya kweli, ile ambayo injini ilikuwa nayo hapa Nyeri, tuilinganishe na ile ambayo kompyuta ilikuwa inahesabu. Viwanda vina mashine kubwa za kazi hiyo. Mwalimu alikuwa na kilima, nguzo za simu, daftari, na saa ya kupimia wakimbiaji aliyoiazima kwa kocha pale uwanjani. Ukijua uzito wa gari, alisema, na mlima umeinama kiasi gani, na gari limechukua sekunde ngapi kutoka nguzo moja hadi nyingine, torki haina mahali pa kujificha.

Kwa hiyo ilibidi kila atakayeingia garini apimwe. Mizani ilikuwa ile ya yule mwuza viazi, jirani wa karakana, na palikuwa na wanaume watatu wamesimama pale bila kazi yoyote. Nilikataa. Mwalimu hakubishana. Aliwaomba wale wanaume wageukie ukuta, na waligeuka, mmoja wao akiwa diwani. Akasoma namba yangu, akaiandika bila kupepesa jicho, akageuza ukurasa. Kwa miaka yote iliyofuata hakumwambia mtu, hata mke wake, ambaye alimwuliza sana.

Uzito wa gari lenyewe aliusoma kwenye kibati cha kiwandani. Kisha akaniuliza kama kuna kitu kingine ndani. Nikamjibu gari ni tupu. Akaandika: tupu.

Tulipanda kile kilima mara tano, mimi nimekanyaga mpaka mwisho, yeye anaita nguzo na kubonyeza saa. Siku mbili baadaye daftari lilikuwa na kurasa kumi na moja za hesabu na jibu moja limezungushiwa duara. Kompyuta ilikuwa inaiambia gia torki iliyozidi ile ya kweli kwa zaidi ya robo. Alifurahi kuhusu ile robo kama mtu aliyepata mjukuu. Akang'oa kitufe cha sauti kutoka kwa redio iliyokufa, akakiunganisha kwenye waya unaotoka kwenye ekseleta, akakifunga chini ya usukani. Ukikizungusha upande wa kushoto, kompyuta inaona ekseleta imekanyagwa kidogo kuliko ilivyo kweli, na hesabu yake inashuka. Alizungusha unywele kwa unywele mpaka alama aliyoichora kwa rangi nyeupe, akajaza kikombe chake cha chai, akaketi kando yangu.

Tulizunguka Ruring'u yote. Nilipofika juu nikamwuliza mbona gari limekataa kubadilisha gia. Akanionyesha kikombe. Chai ilikuwa imetulia, imeanza kushika utando wa maziwa juu. "Imebadilisha mara sita," akasema. Nilicheka mpaka ikabidi nisimamishe gari. Jioni hiyo nilimpeleka mume wangu mzunguko uo huo bila kumwambia kitu. Alishuka, akazunguka gari mara moja, akasema yale ya mwisho wa mwezi tungoje kwanza.

Tungoje kwanza. Hakusema imekwisha. Alitaka gari lifike Kiriaini na kurudi, kwa sababu njia ile inapita Othaya na baada ya hapo ni kushuka mtoni na kupanda, kushuka na kupanda, mpaka mashamba ya chai yanachukua nafasi ya kahawa pande zote mbili. Likishinda Kiriaini, alisema, yeye mwenyewe atamwambia yule kijana asahau. Likishindwa, manyuo. Nikakubali. Nilikuwa na harusi ya Kiriaini Jumamosi iliyofuata, keki ya ghorofa tatu, na Mwalimu akasema atakuja kusikiliza.

Tulitoka asubuhi na ukungu. Mpaka Othaya gari lilikwenda vizuri ajabu, na niliongea bila kupumua. Milima miwili ya mwanzo tuliipanda salama. Wa tatu ulikuwa mrefu na una kona katikati. Tulipofika kwenye kona, gia ikabadilika pole, pole mno, kisha injini ikaanza kulia kwa sauti ya juu huku gari likipunguza mwendo. Nilikanyaga zaidi. Kelele ikaongezeka na gari halikuvuta. Harufu ya kuungua ikaingia ndani.

"Toa mguu," Mwalimu akasema. "Toa kabisa."

Niliegesha kando, mbele ya kituo cha kununulia majani ya chai. Sikuwa nawaza keki. Nilikuwa nawaza yule kijana na spana zake, na mimi nimekaa kiti cha abiria maisha yangu yote yaliyobaki, nikisubiri mtu amalize chai yake ndipo anipeleke. Nilimwambia Mwalimu kwamba nimekwisha. Alikuwa ameshafungua boneti, amevuta kile kijiti cha mafuta ya gia, akayapaka kwenye kitambaa cheupe, akayanusa. Akasema bado ni mekundu. Gia imenusa moto lakini haijaungua. Tungeendelea nusu dakika tu, ingekuwa mambo mengine.

Kisha akasimama pale barabarani, daftari mkononi, anapitia kurasa zake kumi na moja moja baada ya nyingine. Sikuwahi kumwona hivyo. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa baridi na uso umeingia ndani. Akasema hesabu iko sawa, lakini gia imeinua ndoo imejaa ikidhani ni tupu, na imeteleza mkononi. Maana yake torki ya kweli ni kubwa kuliko aliyoipata. Ilipotea wapi? Akauliza kama nimebadilisha magurudumu. Akauliza kama nguzo za simu zimehamishwa. Mwishowe akaniuliza, kwa adabu yake ile ya darasani, nini kilikuwa ndani ya gari siku tulipopima.

Nikamwambia tena, lilikuwa tupu.

"Fungua buti, Mama."

Nikafungua. Ndani palikuwa na gunia la sukari, marobota mawili ya unga wa ngano, debe la mafuta ya kupikia, na viazi ambavyo nilikuwa nampelekea shangazi yangu tangu mwezi uliopita.

Mwalimu aliangalia ndani ya buti. Akaniangalia mimi. "Hii ilikuwa hapa tukipima?"

"Ilikuwa," nikasema. "Lakini Mwalimu, hii si mzigo. Hii hukaa hapa."

Nilisema hivyo kwa moyo safi, na mtu yeyote wa kwetu angesema hivyo hivyo. Gari lenye mzigo ni lile lililobeba mbuzi, ama watu, ama kabati la mtu anayehama. Unga na viazi si mzigo. Nani huenda popote na buti tupu? Utafikaje kwa mtu na mikono mitupu? Nilikuwa naanza kumweleza haya yote ndipo nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alikaa kwenye ukingo wa barabara na suruali yake ya pasi, miguu mtaroni, akacheka mpaka akavua miwani na kufuta macho, na wale akina mama wa majani ya chai wakaacha foleni yao kuja kuona mzee ameshikwa na nini.

"Miaka kumi na tano nimefundisha watoto wasiandike kitu hawajapima," alisema alipopata pumzi. "Halafu mimi naandika tupu. Tupu. Kwa kuwa nimeambiwa."

Akina mama walipoelezwa, walicheka kuliko yeye, lakini walikuwa upande wangu. Mmoja aliyebeba kikapu mgongoni alimwuliza kwa ukali kidogo kama kwao huwa wanatembelea shangazi na hewa. Ndio waliotoa wazo la mizani. Karani wa kituo aliinua mikono akasema ile ni ya majani ya chai peke yake, wakamwambia akanywe maji. Wakaning'iniza gunia la sukari, kisha marobota, kisha debe, kisha viazi vya shangazi, na Mwalimu akaandika kila kimoja. Jumla ilipita kilo mia na thelathini. Gari lilikuwa limepanda kilima chetu likivuta watu wawili zaidi ambao hawakuandikwa popote, na yeye akaihesabia injini udhaifu ambao haukuwa wake.

Alipiga hesabu pale pale, daftari juu ya boneti yenye joto. Kurasa kumi na moja zikawa moja, kwa sababu alijua njia sasa. Akarudisha kile kitufe kulia kidogo, upana wa punje ya mchele. Akanituma nipumzike mpaka gia ipoe, na akina mama wakatuletea viazi vitamu vilivyochemshwa. Rangi nyeupe hakuwa nayo, kwa hiyo alama mpya tuliiweka kwa sukari yangu ya kupambia keki. Kisha akaniambia nipande.

Niliogopa. Nilimwambia aendeshe yeye. Akasema hajui kuendesha, na nilimkodolea macho, kwa sababu kwa siku zote zile sikuwa nimegundua kwamba kweli sijawahi kumwona kwenye usukani. Nikashika usukani. Kwenye kona gia ilibadilika, ikashika, gari likavuta. Halikupiga teke na halikuteleza. Nyuma yetu akina mama wa chai walipiga vigelegele vitano, vile vya mtoto wa kiume, kama mtoto wa kike amezaliwa wakakosea hesabu, na mimi nilipanda mlima ule nikilia na kucheka pamoja. Keki ilifika Kiriaini ghorofa zote tatu zikiwa zimesimama. Bibi harusi hakujua lolote. Mume wangu alikuwa amekuja harusini na gari la rafiki yake, akaniona nikiingia uwanja wa kanisa peke yangu kwenye usukani, akafuta uso kwa leso. Jumatatu alikwenda kwa yule kijana mwenyewe.

Baada ya hapo jina la Mwalimu lilienea. Walimjia kutoka Nanyuki, Kerugoya, Embu, Kangema, na katika miji yote ile palikuwa na giaboksi zilizookolewa kwa kitufe cha redio. Hakuwahi kusema ametengeneza gari. Alisema amelirekebishia habari. Lakini kabla ya kupima chochote, alikuwa akienda nyuma ya gari la kila mteja na kufungua buti yeye mwenyewe, bila kuuliza, na ungeshangaa yaliyotoka humo. Kutoka gari moja tupu la mhasibu ilitoka injini ya pampu. Kutoka gari tupu la mchungaji walitoka kondoo wawili, wazima. Kwa watu, hata hivyo, hakubadilika. Yule wa nauli ya Nanyuki aliendelea kuipoteza Jumatano. Nilimwuliza kama kule Kiriaini hakujifunza chochote. Akasema amejifunza kupima magari.

Aliifunga karakana kuelekea mwisho wa miaka ile. Macho yalikuwa yamechoka na nyonga ilimsumbua, na mke wake alitaka wahamie kwenye shamba dogo walilokuwa nalo juu ya Kiriaini, njia ya Kangema. Nilihudhuria kuagana kwao, nikaoka keki, nikaikata, nikalia. Kisha kazi zikanishika na miaka miwili ikapita bila kumwona.

Siku moja ya soko nilikuwa natoka Kiriaini, mchana, jua zuri. Nikamwona kando ya barabara na kabichi mbili kwenye kiondo, anatembea kwa kuegemea fimbo, anapumzika kila baada ya hatua kumi. Nilisimama. Alikuwa amezeeka, lakini suruali ilikuwa imepigwa pasi. Alinijua kwa sauti kabla ya sura. Nikamwambia aingie, nitamfikisha mpaka mlangoni. Akasema ni mbali na ni mlima, nitapoteza siku yangu. Nikamwambia siku ni yangu.

Alikaa kando yangu, kiondo magotini. Nilijua kitakachofuata. Katika miaka yote ile hakuwahi kukaa ndani ya gari langu bila kuinamisha kichwa na kuhesabu kila gia kimya kimya kwa midomo, na mimi kila mara niliendesha nikiwa nimebana pumzi, mwanafunzi mbele ya ubao. Tukaulizana habari za nyumbani. Mke wake alikuwa mzima na bado anacheka. Wasichana wangu walikuwa wakubwa, na mkubwa nilikuwa namfundisha kuendesha. Tukaacha soko nyuma, mlima ukaanza. Gari likabadilisha gia mara moja, mara mbili. Kwenye sehemu iliyoinama kuliko zote, ambapo malori hupanda kwa kutambaa, likabadilisha mara ya tatu, na nikageuka nione uso wake unasema nini.

Mwalimu alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo, mikono juu ya kabichi imelegea kama ya mtoto. Hakuwa amehesabu hata gia moja, na nilifurahi kuliko siku ile ya kikombe cha chai. Njia ya kwao ilitokea upande wa kushoto, na lango, na mke wake akianika nguo. Nilimpungia mkono, nikamwonyesha kwa kidole abiria wangu, naye akaweka mkono mdomoni. Sikusimama, nisije nikamwamsha. Nilikanyaga ekseleta pole, kwa mguu wangu wa kulia, nikaendelea kupanda kuelekea Kangema.